Taya imegoma kufunguka: nani apasuliwe, nani asipasuliwe

KineHimbi (Goma)

Jambo wandugu. Nafungua huu uzi juu nimechoka kujibu swali moja kila siku kwa WhatsApp. Mtu ananitumia radio ya taya (ile picha ya mifupa ya lopitali), ameipigia picha juu ya kitanda, halafu chini yake ameandika tu "operesheni ni wapi na ni dola ngapi". Mimi ni kine, mtu wa mazoezi ya viungo, nafanya kazi hapa Goma, sipasui mtu, mimi ndiye unayemkuta nyuma ya daktari, pale nyuzi zimeshatolewa na kinywa bado kinakataa. Na kutoka huko nyuma naona kitu kimoja kinajirudia: familia inauza shamba, inavuka mpaka, mtoto anapasuliwa vizuri kabisa, na hakuna aliyewaambia kwamba kwa taya iliyoganda operesheni inafungua kinywa siku ile tu, kinachokiweka wazi ni mazoezi ya miezi na miezi. Upande wa pili wako watu wanaotafuta kisu na hawana haja nacho hata kidogo. Sasa tuzungumze.

Weka kidole mbele ya sikio, fungua kinywa polepole, funga. Kile kinachotembea chini ya kidole ni kichwa cha mfupa wa taya la chini, wadokta wanakiita kondili. Ukifungua kidogo kinazunguka mahali pake, ukifungua sana kinateleza kwenda mbele. Kati yake na mfupa wa kichwa kuna disiki, ni kigegedu kidogo, na inatakiwa kuteleza pamoja na kondili. Disiki ikitoka mbele ya njia unasikia "kwaa!" kila ukifungua, ni kondili inaipanda. Siku disiki inakataa kurudi inajikunja pale mbele kama zulia nyuma ya mlango, na kinywa kinakwama katikati. Hapo sauti inapotea na mtu anafurahi, anasema nimepona sauti imeisha, kumbe njo imefunga.

Kwa hiyo kinywa kinafungwa na misuli, ao na disiki, ao na mfupa wenyewe. Misuli ni wale wanaosaga meno usiku, wanaokaza taya mchana bila kujijua juu ya mawazo, wanaotafuna upande mmoja kwa sababu ule mwingine uko na jino bovu. Inauma, lakini nikisaidia na vidole polepole kinywa kinaongezeka. Disiki: kinafika milimita 25, 30 hivi halafu stop, taya inakwenda upande wa ugonjwa, na zamani ilikuwa inalia. Mfupa ni kitu kingine kabisa, mara nyingi hata haiumi, haifunguki tu, miaka na miaka, na kama ilianza utotoni kidevu kimebaki kidogo nyuma.

Chukua rula ya mwanafunzi upime kutoka ncha ya meno ya mbele ya juu mpaka ya chini. Mtu mzima wa kawaida anafika milimita 40 na kuendelea, chini ya 35 tunaanza kuuliza maswali. Huna rula? Vidole vitatu vyako mwenyewe, vikiwa vimesimama, viingie. Vyako, si vya fundi wa garaji.

Wa misuli na wengi wa disiki hawahitaji kupasuliwa. Chakula laini kwa wiki kadhaa, miwa hapana, mahindi ya kuchoma hapana, brosheti ya mbuzi utaikuta tu siku nyingine. Kitambaa cha maji moto kwa shavu. Dawa ya maumivu siku chache, na mwenye vidonda vya tumbo ao figo aulize kwanza. Na mazoezi ya taya, tena mtu akuonyeshe, usiige video. Hata disiki iliyokwama, kwa wengi kinywa kinaongezeka chenyewe ndani ya miezi bila mtu kuigusa, juu nyama ya nyuma yake inajizoesha kubeba kazi.

Ikikataa, ngazi inayofuata si kisu bado. Kuna kuosha kiungo: sindano mbili mbele ya sikio, maji ya serumu yanaingia kwa moja yanatoka kwa nyingine, yanabeba uchafu wa uvimbe, yanabandua disiki iliyonata, halafu daktari anatembeza taya. Njia hiyo Nitzan na wenzake waliiandika mwaka 1991, mtu anaweza kufanyiwa kwa ganzi ya mahali na kurudi nyumbani siku ileile. Juu yake kuna kuingiza kamera ndogo ndani ya kiungo, Wajapani njo walianza, Ohnishi mwaka 1975. Nyuma ya hiyo sasa ndiyo kufungua kiungo, na mwisho kabisa kiungo cha bandia.

Ulizeni.

Neema_Ndosho

Mukubwa asante. Mi taya yangu inalia tangu niko sekondari, haiumi, nafungua vidole vitatu fresh, lakini dentiste aliniambia nitoe meno mawili ya mwisho na nivae gutiera (ile plastiki ya kufunika meno usiku) la sivyo nitafungwa. Nitoe?

KineHimbi (Goma)

Yaya Neema, sauti bila maumivu na bila kukwama haitibiwi. Watu wengi sana wanalia taya na wanazeeka nayo. Jino la mwisho linatolewa kwa kosa lake lenyewe, limeoza, linasukuma, fizi inavimba kila mwezi. Kulitoa ili taya inyamaze, hapana, na kuacha kinywa wazi saa nzima kwa kiti cha dentiste kunaweza kuiamsha.

Gutiera itanigombanisha na watu lakini naisema. Mwisho wa 2023 jarida la wadokta, BMJ, lilitoa mapendekezo kwa maumivu ya taya ya muda mrefu. Walichokipa nguvu ni mazoezi ya taya yanayosimamiwa na mtu, kukanda na kunyoosha kwa mikono, na tiba ya mazungumzo ya kumfundisha mtu kuishi na maumivu na kuyapunguza. Gutiera ya kuvaa na kuvua wakasema afadhali isiwe ya kwanza. Zile zinazobadilisha meno moja kwa moja, na kuondoa disiki, wakakataa kwa nguvu. Hata ile ya kuosha kiungo waliiwekea alama ya "afadhali hapana" kwa maumivu peke yake. Lakini soma vizuri, wale wanaongelea MAUMIVU. Kinywa ambacho hakifunguki ni kesi nyingine, usichukue karatasi ile ukaenda nayo kwa mtoto aliyeganda mfupa.

Stomato_mwanafunzi

Kine hapo umekaza sana. Gutiera kwa mtu anayesaga meno inalinda meno yenyewe, hata kama haiponyeshi kiungo. Na wagonjwa wengine wanalala vizuri nayo.

KineHimbi (Goma)

Kulinda meno nakubali, hiyo ni sawa. Ninachokataa ni kuuziwa gutiera kama dawa ya kiungo halafu mtu hapewi zoezi hata moja.

Mzee_Birere

Nyinyi vijana mnapenda kuzunguka. Hapa kuna mzee anarudisha mifupa toka zamani, mtu akifungwa taya anamkanda na mafuta ya moto, anaweka kijiti, anakaza, inafunguka. Mimi nimeona na macho.

KineHimbi (Goma)

Baba, sikatai mikono ya mzee, kwa misuli iliyokaza mafuta ya moto na kukanda kunasaidia, na mimi mwenyewe nakanda. Lakini kuweka kijiti na kukaza kwa nguvu kwa mtu ambaye mfupa umeshikana, kitu kitakachovunjika ni jino ao taya yenyewe, kile kiungo hakitafunguka juu hakipo tena, pale palipokuwa na nafasi pamejaa mfupa. Na kama ndani kuna usaha wa jino, unausambaza mpaka shingoni na mtu anaweza kushindwa kupumua. Ndiyo maana nasema tujue kwanza nini kimefunga.

Na moja ya haraka kwa wote. Taya iliyofunga GHAFULA ni ya lopitali leo, si ya kine. Mtu aliyekuwa na kidonda siku zilizopita, taya inakaza, shingo na mgongo vinakaza, hiyo inaweza kuwa tetanosi (pepopunda). Mtoto aliyepewa dawa ya kuzuia kutapika kama Primperan halafu taya na shingo vinapinda na macho yanaangalia juu, mrudisheni walipompa, kuna dawa ya kuondoa huko kukaza. Uvimbe wa shavu na homa pia, leo.

MamaWaKatuba (Lubumbashi)

Jambo ba ndugu, mi niko huku Lubumbashi nilitumiwa hii uzi na dada yangu wa Goma. Mtoto wangu wa kiume eko na miaka 9. Akiwa na karibu miaka 3 sikio ilitoka usaha muda mrefu, tulikuwa tunaweka mafuta na matone, inakauka inarudia. Kisha pole pole kinywa ikaanza kuwa kidogo. Leo haifunguki, kijiko aiingie, ku lopitali moja balimutosha meno mbili ya mbele asema apate njia ya kupitisha bouillie, uji. Anakoroma usiku mpaka naamka kumuangalia. Kidevu yake imebakia nyuma, ba wenzake banamuchekea. Bengine banasema tungoje afike miaka 18 mfupa imalize kukomaa njo apasuliwe. Sasa niko nasoma hapa nasikia mambo ya sindano na maji. Inaweza kumusaidia?

KineHimbi (Goma)

Mama, pole, na asante kwa kueleza vizuri hivi juu umejibu maswali yangu karibu yote kabla sijauliza. Sindano na maji hapana, kwake haitafanya kitu. Hadithi yako, sikio la usaha utotoni halafu kinywa kinafunga bila maumivu na kidevu kinabaki, njo ile ya mfupa kushikana, wadokta wanaiita ankilozi. Njia mbili kubwa za kuipata ni hiyo ya ugonjwa wa sikio kushuka kwa kiungo, maana ukuta kati ya sikio na kiungo ni mwembamba, na ile ya mtoto kuangukia kidevu. Iko pia ya ugonjwa wa viungo vinavyovimba, na noma, ule ugonjwa unaokula shavu la watoto wenye njaa, ambao OMS, Shirika la Afya Duniani, iliuingiza kwa orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa mwezi wa 12 mwaka 2023. Noma inafunga kwa kovu la nje, si kiungo, kwa hiyo operesheni yake ni tofauti.

Kungoja miaka 18 nisingengoja. Kondili ni sehemu ya ukuaji wa taya, ikiganda taya haikui, kidevu kinarudi nyuma, ulimi unarudi nyuma, njia ya hewa inabana. Kule kukoroma unakosikia si kukoroma kwa usingizi mzuri. Kama anaacha kupumua kidogo halafu anashtuka, ama mchana anasinzia darasani, hilo umwambie daktari kabla ya kitu kingine chochote, juu linaweza kubadilisha mpango mzima: kuna watoto wanaoanza kwa kurefushwa taya polepole na chuma cha skurubu, hewa ifunguke, ndipo kiungo kinafuata.

Sasa operesheni yenyewe nikuambie inavyokwenda, maana wengi wanasaini karatasi bila kuelewa. Daktari anakata mbele ya sikio. Anatoa lile donge la mfupa, LOTE, si kuchonga mstari mwembamba, nafasi inayobaki inatakiwa kuwa sentimita moja na kitu. Halafu anaangalia ule mfupa mwingine wa mbele unaoshikwa na msuli wa panja, unaitwa koronoidi, kwa mtoto aliyefungwa miaka mingi huwa umerefuka na unazuia, anaukata. Anapima kinywa palepale juu ya meza, kama hakijafika milimita 35 anakata na koronoidi ya upande mwingine, ule usio na ugonjwa. Halafu anaweka nyama ya msuli wa panja katikati ili mfupa usikutane tena na mfupa, na kwa mtoto anayekua mara nyingi wanachukua kipande cha ubavu pamoja na kigegedu chake kitengeneze kondili mpya. Utaratibu huo Kaban na wenzake waliupanga mwaka 1990 na mpaka leo wengi wanaufuata.

Hatari zake: ule mshipa wa fahamu unaonyanyua nyusi unapita palepale, unaweza kulegea, mara nyingi unarudi baada ya miezi. Ubavu uliopandikizwa unaweza kukua kidogo ao kukua kupita kiasi. Na kubwa kuliko zote ni kuganda tena. Kinachorudisha ni vitu viwili, mfupa kutolewa kidogo, ao mazoezi kutofanywa. Cha kwanza ni cha daktari. Cha pili ni chako mama, na changu.

AnestKadutu (Bukavu)

Naingia hapo juu hakuna mtu anatukumbuka sisi. Mimi ni muuguzi wa anestezi Bukavu, njo tunaolaza mgonjwa kabla ya operesheni. Mama wa Katuba, mtoto ambaye kinywa hakifunguki ni mmoja wa wale tunaowaogopa zaidi. Kwa kawaida nikilaza mtu naingiza chuma kinywani naangalia koo napitisha bomba la hewa. Kwake siwezi. Nikimpa dawa ya kulala na misuli ikalegea, ulimi unaanguka nyuma, sina pa kupitia. Kwa hiyo tunapita puani, na kifaa kizuri ni ile kamera nyembamba inayopinda, bomba linavalishwa juu yake, mgonjwa akiwa bado anapumua mwenyewe. Kama haipo wanabaki na kupita puani bila kuona, ao kutoboa koo mbele kabla ya kuanza, na kutoboa si aibu, ni usalama, lakini mzazi aambiwe mapema.

Ndiyo maana ukiuliza lopitali, usiulize tu "daktari wa maksilo (mpasuaji wa taya na uso) yuko?". Uliza "mtoto asiyefungua kinywa mnamlazaje?". Wakikujibu "tutaona siku ile", beba karatasi zako urudi nyumbani.

Na kitu kingine, mtoto kama huyo akipata malaria akatapika ni hatari, matapishi hayana pa kutokea. Mlaze ubavu mara moja, kichwa chini kidogo, usimlaze chali hata kama analia.

KineHimbi (Goma)

Anest, Mungu akubariki, hilo la kutapika nilikuwa nalisahau kila mara.

MotariBagira

Wakubwa salama. Mi ni motari huku Bukavu, nilianguka ku mteremko nikapiga kidevu, walishona kidevu wakaniambia sawa. Kesho yake meno hayakutani. Nikarudi, radio, wanasema kondili imevunjika pande mbili, wakanifunga na waya meno ya juu na chini. Nilikaa nayo muda mrefu sana juu sikuwa na pesa ya kurudi kutoa. Sasa nafungua vidole viwili vya kubana. Nimeshaganda?

KineHimbi (Goma)

Vidole viwili si kuganda bado, bro, lakini usilale. Kwanza hilo la kidevu liwasaidie wengine: kila mtu aliyeshonwa kidevu, mkubwa ao mtoto, aangaliwe mbele ya masikio, maana pigo la kidevu linapanda na kuvunja kondili na kidonda kinachoonekana ni kile cha chini tu. Kwa watoto njo wengi wanapita, wanashonwa, wanapewa paracetamol, na miaka mitatu minne baadaye kinywa kimefunga.

Waya wa muda mrefu kwa kondili iliyovunjika ni shida, na zaidi kwa mtoto, juu damu iliyomwagika ndani ya kiungo kisichotembea inageuka kovu halafu mfupa. Mtoto anafungwa siku chache tu, kama anafungwa, halafu anatembezwa. Wewe tafuta skaneri (CT), si radio ya kawaida, mfupa wa pale kwa radio unafunikana na mingine. Kama skaneri inaonyesha nafasi bado ipo, ni kovu na misuli, hiyo tunaifungua kwa mazoezi. Kama mfupa umeanza kuziba nafasi ile kama daraja, muone maksilo mapema, donge dogo linatolewa kwa urahisi kuliko kubwa.

Soko_Virunga

Yangu ni kinyume. Mama mkwe akipiga miayo kinywa kinabaki wazi hakifungi, mate yanatoka, tunamkimbiza kila mara.

KineHimbi (Goma)

Huyo kondili imepita mbele ya kilima chake cha mfupa ikashindwa kurudi. Anayejua anafunga vidole gumba na kitambaa, anaviweka nyuma kabisa juu ya meno ya chini, anasukuma CHINI kwanza halafu nyuma. Msijifunze kwake nyumbani, vidole vitaumwa. Kwa inayojirudia kuna kumchoma damu yake mwenyewe ndani na kuzunguka kiungo ili kovu likaze, halafu kufungwa bandeji siku kadhaa, na ikishindikana kuna operesheni ya kupunguza kile kilima ili kondili iweze kurudi yenyewe. Na akipiga miayo aweke ngumi chini ya kidevu.

Papa_Liege

Salamu kutoka Ubelgiji, mimi mtoto wa Goma. Sielewi kwa nini mnahangaika na ubavu na nyama ya panja, huku watu wanawekewa kiungo kizima cha bandia na kesho yake anakula. Kwa nini hamtafuti hiyo?

KineHimbi (Goma)

Papa, kipo na kizuri, sehemu ya juu ni plastiki ngumu, ya chini ni chuma cha kobalti na kromu ao titani, na kinaweza kutengenezwa kwa kipimo cha mtu mwenyewe kutoka skaneri yake. Kuna wagonjwa waliofuatiliwa miaka 20 na bado wanakula nacho. Kwa mtu mzima aliyepasuliwa mara nyingi, ao ambaye kiungo kimeliwa na ugonjwa, hicho njo bora. Lakini kwa mtoto wa miaka 9 chuma hakikui, kwa hiyo kwa watoto wengi wanaanza na ubavu. "Kesho yake anakula" umeongeza chumvi, hata wao wanafanya mazoezi. Na usaha ukikipata kinalazimika kutolewa, sasa mtu wa Rutshuru aliyewekewa mbali, akipata usaha nani atamtolea?

Halafu historia ya vitu hivyo isisahaulike. Miaka ya 1980 huko Marekani kampuni moja ya Houston, Vitek, iliuza vipande vya Proplast na Teflon vya kuweka badala ya disiki, maelfu ya watu waliwekewa. Vikasagika, chembe zake zikaamsha mwili, mwili ukaanza kula mfupa, wengine mpaka karibu na ubongo. Kampuni ikafilisika mwaka 1990, na mwisho wa mwaka huohuo FDA, wale wa serikali ya Marekani wanaosimamia dawa na vifaa vya tiba, ilitoa onyo, vikarudishwa. Wale wagonjwa wengine walipasuliwa tena na tena. Vya leo si vile, lakini ndiyo sababu mimi mtu akiniambia "kitu kipya kutoka nje" nauliza kwanza kimekaa ndani ya watu miaka mingapi.

Papa_Liege

Hapo nimekuelewa. Lakini msikate tamaa ya kuvuka, kuna watu wanasaidia.

MamaWaKatuba (Lubumbashi)

Asante sana ba yaya. Nilikuwa sijui hata moja ya ile mambo. Nimepima na rula kama vile mulisema, ni milimita 4. Sasa swali mbili. Huku kwetu mi niende wapi, na ile mazoezi ni ya namna gani juu mtoto ni mwoga sana wa maumivu.

KineHimbi (Goma)

Mama, anza na stomato (daktari wa kinywa na meno) wa lopitali kubwa ya Lubumbashi akupe skaneri ya taya na barua. Kama pale hawana timu ya maksilo pamoja na anestezi ya kamera, kwako Lusaka kupitia mpaka wa Kasumbalesa ni karibu kuliko Kinshasa, na UTH, lopitali ya chuo kikuu ya kule, wana kitengo cha upasuaji wa kinywa na taya. Sisi wa Kivu tunatazama lopitali ya CHUK ya Kigali, Mulago ya Kampala, wengine wanafika Muhimbili ya Dar. Bei siandiki hapa, inabadilika, na ukiandika watu wanakuja kugombana na kaunta ya lopitali wakionyesha simu. Lakini ukihesabu pesa hesabu na ya kukaa karibu na lopitali wiki za mwanzo, hiyo ndiyo watu hawaweki, wanaruhusiwa leo, kesho wako ndani ya basi, na mtoto anafika nyumbani hajafungua kinywa tangu kitanda cha lopitali.

Mazoezi. Daktari atasema siku ya kuanza, nyama ya panja peke yake wanaanza mapema sana, ndani ya siku chache, ubavu ukiwekwa wanaweza kungoja kama siku kumi hivi. Tunatumia vile vijiti vya mbao vya kushikia ulimi wakiangalia koo. Unavipanga kimoja juu ya kingine, kila kimoja karibu milimita moja na nusu, unaviingiza kati ya meno ya nyuma, si ya mbele maana ya mbele yatalegea. Vikiingia kwa shida anakaa navyo dakika kadhaa, unapumzisha, unarudia. Mara tano sita kwa siku. Dawa ya maumivu impate kama nusu saa kabla, kitambaa cha moto kwa shavu, ndipo vijiti. Akizoea idadi ile anaongeza kimoja. Miezi sita ni kidogo kabisa, mimi naomba mwaka, na wiki za mwanzo usimwachie mwenyewe hata kama ana akili namna gani.

Uoga wake ni wa haki, inauma kweli, usimwambie haiumi. Ninachofanya na watoto ni kumpa daftari, yeye mwenyewe anaandika vijiti vya asubuhi na vya jioni, na yeye njo anaamua saa ya kuongeza, mimi naamua tu kwamba lazima iongezwe. Na usimfungulishe akiwa analia, akilia msuli unakaza, na wewe utabaki unapigana na msuli.

Siku vijiti vikipungua viwili na siku inayofuata havirudi, piga simu, usingoje tarehe ya miadi.

MotariBagira

Hata mimi nitafanya na hivyo vijiti?

KineHimbi (Goma)

Skaneri kwanza, Motari. Ukishaipata niandikie, Bukavu kuna wenzangu nitakuelekeza.

AnestKadutu (Bukavu)

Mama Katuba, la mwisho: siku ya kuonana na watu wa anestezi nenda na skaneri mkononi, usiiache kwa stomato, na umrekodi mtoto akiwa amelala usiku, video ya simu yenye sauti inatosha. Tukisikia anavyopumua tunajua tujiandae na nini.